Siku Kitanda Kilipokataliwa Darasani

Kemuma alikuwa mwalimu wa darasa la nne katika shule moja ya msingi juu ya mlima, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka soko la Ikonge. Mwalimu alikuwa, ila wa kuazimwa. Hakuwa amekanyaga chuo. Walimu wa aina yake waliandikiwa barua kila mwisho wa mwaka ya kuwashukuru na kuwaaga, na Januari wakaitwa tena kana kwamba ile shukrani ilikuwa mzaha. Kufikia mwaka huo wa 1971 alikuwa ameshaagwa mara tatu. Mtu akiagwa mara tatu na bado yupo, hata watoto huanza kumtazama kama mgeni aliyesahau njia ya kwao.

Somo alilolipenda kuliko yote ni Kiingereza, na ndani ya Kiingereza alipenda sura moja: ile ya majina ya kawaida. Watoto waliiita komoni nauni, wakitamka kama wanaita jina la mganga. Walimu wengi waliifundisha kwa kukariri: meza, kiti, kalamu, basi, kengele ikalia. Kemuma aliielewa, na hakuielewa kwa kitabu. Kwao Birongo aliitwa Kemuma. Alipoolewa na Mogire mwaka wa 1964 akaja huku mlimani, hilo jina alikuwa kama amelisahau juu ya kabati la mamake. Huku aliitwa mwali, kisha mke, na alipojifungua mtoto wa kwanza akaitwa mama Nyangate. Shuleni ni mwalimu. Kanisani, kwa kuwa walikuwa Waadventista, ni dada. Miaka saba, na watu waliomwita Kemuma wangeenea katika kiganja kimoja.

"Wamama ni wengi," aliwaambia watoto, "walimu ni wengi, na mimi ni mmoja wao. Hayo ni majina ya kawaida. Lakini Kemuma wenu ni huyu hapa peke yake. Mto ni mto wowote, hata huu wa kunywesha ng'ombe hapo chini. Gucha ni Gucha."

Watoto walielewa. Hata yule Onchiri wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida elimu ilimpita kama mvua inavyopita juu ya jani la mgomba, alielewa.

Juma hilo la mwezi wa tisa, Mwalimu Mkuu Jethro alimwita ofisini akamwambia kwamba Ijumaa inspekta wa shule anakuja kumwona yeye hasa.

"Kuna nafasi mbili za chuo cha ualimu kwa tarafa nzima," alisema Jethro. "Inspekta akitoka hapa anacheka, Januari uko chuoni. Akitoka amekunja uso, utapata barua yako ya kuagwa kama kawaida. Umenisikia, mama Nyangate?"

"Nimesikia, mwalimu."

"Basi usiniletee meza na kiti. Siku hizi wanataka somo litoke kwa watoto wenyewe, nyumbani kwao."

Kwa hivyo Alhamisi Kemuma aliwaagiza watoto: kesho kila mmoja aje na jina la Kiingereza la kitu kimoja cha kwao nyumbani, na sentensi moja ya kukielezea. Waulize kaka, waulize majirani, lakini waje nalo. Alirudi nyumbani akiwa mwepesi, akapika, akacheka na mumewe. Hakujua kwamba shimo alikuwa amelichimba mwenyewe, tena kwa furaha.

Ili shimo lenyewe lionekane, inabidi kusema jambo moja. Abagusii wana kitu kinachoitwa chinsoni. Ukimwuliza Mgusii maana yake atakuambia ni aibu, lakini si ile ya mwizi aliyeshikwa na kuku kwapani. Ni aibu iliyopandwa kati ya watu kama ua, ili heshima isitoroke. Ua mrefu kuliko zote umepandwa kati ya mwanamke na baba mkwe wake. Hawashikani mikono. Hawatazamani usoni. Jina la mzee halitoki kinywani mwa mke wa mwanawe, na mzee haingii nyumbani kwake. Na wakiwa mahali pamoja, lolote linalohusu kulala halitajwi. Kitanda hakitajwi. Kipo, kila mtu anajua kipo, wajukuu hawakuokotwa kwenye majani chai, lakini hakitajwi.

Baba mkwe wa Kemuma, Mzee Onsongo, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Hilo halikuwa tatizo, maana kamati ilikutana chini kwenye jengo la kanisa na haikuwahi kutia mguu darasani. Tatizo lilikuwa Kiingereza chake. Wazee wenzake hawakujua hata neno moja. Yeye alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja kwa Mzungu mmoja mwenye shamba la mahindi na ng'ombe kule Nyansiongo, kazi ya ndani ya nyumba: kufua shuka, kupiga pasi foronya, kutandika. Wazungu walipouza mashamba wakaondoka, Mzee Onsongo alirudi mlimani na kofia ya kaki, mgongo unaouma, na Kiingereza cha chumbani. Ungemwuliza habari za asubuhi kwa Kiingereza, asingejibu. Ungemwuliza mto wa kulalia unaitwaje, angekujibu kabla hujafunga mdomo. Kemuma alilijua hilo, kwa sababu Mogire alimsimulia wakacheka mpaka machozi.

Ijumaa Landrova ikafika. Inspekta alikuwa mtu wa pwani, mrefu, shati jeupe, na Kiswahili kilichofuliwa kikapigwa pasi hata Jethro akaogopa kumjibu. Kemuma alikuwa ameandika tarehe ubaoni. Mlango ukafunguliwa. Inspekta akaingia, Jethro nyuma yake, na nyuma ya Jethro ikaingia kofia ya kaki.

Jethro alikuwa amepata wazo. Alitaka inspekta aone jinsi wazazi na walimu wa shule yake walivyo kitu kimoja, kwa hivyo akamleta mwenyekiti aketi benchi la nyuma na mgeni. Mzee Onsongo mwenyewe alijaribu kusimama nje dirishani. Jethro akamvuta mkono: "Ingia, mzee, ingia. Mgeni ataonaje?" Mzee akaingia akiangalia sakafu, akaketi, kofia magotini.

Kemuma aliangalia ukuta. Alifikiria kubadilisha somo, lakini inspekta alikuwa ameshaomba kitabu cha maandalizi na kuweka kidole kwenye mstari: vitu vya nyumbani, mtoto mmoja mmoja.

"Endelea, mwalimu," alisema inspekta. "Sisi hatupo."

Walikuwepo, tena mno.

Akaanza na mstari wa kwanza. Mtoto akasema chungu, na mama anapikia mboga kwenye chungu. Mwingine akasema mlango. Mwingine jembe. Zamu ya Onchiri ilipofika alisimama akajibu kwa sauti kubwa, "Rebeka!"

Darasa likaangua kicheko, maana Rebeka wa darasa hilo alikuwa ameketi mbele yake.

"Rebeka gani huyo?" Kemuma aliuliza.

"Ng'ombe yetu, mwalimu. Ile ya gredi. Baba alimnunua Nyansiongo."

"Sasa niambie. Ng'ombe wote wa mlima huu wanaitwa Rebeka?"

"Hapana, mwalimu. Wengine hawana hata jina. Wanaitwa tu ng'ombe."

"Basi jina la kawaida ni lipi?"

Onchiri akakuna kichwa, uso ukafunguka. "Cow!"

Nyuma, inspekta alicheka kwa sauti na kuandika kitu. Kemuma alihisi kifua kinapanuka. Aliiona Januari. Aliona sanduku la bati, kitanda cha— la, hata kukifikiria alikikatiza, maana mzee alikuwepo.

Ndipo akasimama Bitutu, binti wa Obwocha. Bitutu alikuwa mtoto wa maneno machache, msafi, anayeandika kwa mkono ulionyooka kuliko wa Jethro. Baba yake alikuwa amelipa seremala wa sokoni juma lililopita, na nyumbani kwao kulikuwa na fahari mpya. Alikuwa amejifunza sentensi yake usiku kucha, akisahihishwa na kaka yake wa sekondari. Alivuta pumzi.

"Bed," alisema Bitutu. "My father and my mother sleep on the new bed."

Hakuna kosa hata moja. Herufi kila moja mahali pake. Kitanda kipya, na baba na mama juu yake.

Benchi la nyuma lililia kidogo. Kemuma hakuangalia, lakini alijua ni mzee aliyejisogeza. Kati ya watu wazima watatu waliokaa pale, yule ambaye kila mtu alidhani hajui Kiingereza ndiye aliyejua neno hilo kwa viganja vyake.

"No!" Kemuma alisema. Ilitoka kabla hajaituma. "Bed is not a common noun. Sit down!"

Na kwa kuwa alikuwa amewazoesha watoto kurudia kila sentensi ya Kiingereza inayotoka kinywani mwake, sauti thelathini na nane zikaitikia kwa pamoja, kwa mahadhi ya wimbo, hata kwaya ya Sabato isingewafikia: "Bed is not a common noun! Sit down!"

Bitutu aliketi. Alimtazama mwalimu wake kama mtu aliyetoa mkono kusalimu akapigwa kofi. Inspekta aliacha kuandika, akainua kichwa, kisha akaandika tena, polepole sana. Mzee Onsongo alikuwa anahesabu vitundu vya kofia yake. Kutoka nje hakuweza. Angetoka, angekuwa ametangaza kwamba amesikia.

Baada ya somo kulikuwa na chai ofisini, na ndizi mbivu kwenye sahani. Mzee aliwekwa kiti karibu na mlango. Kemuma aliitwa, akasimama akiangalia kalenda.

"Mwalimu," alisema inspekta kwa upole, "umeanza vizuri kuliko walimu wengi wenye vyeti. Ile ya ng'ombe nitaisimulia. Lakini nisaidie. Kwa nini kitanda kisiwe jina la kawaida?"

Sasa neno lilikuwa limevuliwa nguo za Kiingereza likasimama katikati ya ofisi. Mzee Onsongo aliweka kikombe chini kama mtu anayeweka yai. Jethro, Mgusii kindakindaki aliyejua kila kitu, aliinua macho akaanza kuchunguza mabati.

Kujibu kungekuwa kusema kitanda. Kueleza kwa nini hawezi kusema kitanda kungekuwa kukisema mara tano.

"Sikuelewa vizuri, bwana," alisema Kemuma.

"Hukuelewa nini? Swali langu?"

"Hiyo sura. Majina ya kawaida. Sijaielewa."

Inspekta akamtazama sana. Akafunga daftari.

Wangeweza kulaumiwa watu wengi hapo, lakini jambo lililomla Kemuma kwa miezi lilitokea nje. Inspekta alipokuwa anaingia kwenye gari, mzee akiwa ameshateremka zake bondeni, alimwita tena. Walikuwa wawili tu, na injini haijawashwa.

"Kuna jambo, siyo? Mtu hawezi kumjua Rebeka asijue kitanda. Niambie."

Hapo ua haukuwepo. Angeweza kusema. Alimwangalia mtu yule wa shati jeupe, na Kiswahili chake kama kioo, akajiona anamweleza kwamba mtoto wa watu amekatazwa neno la kweli kwa sababu baba mkwe alikuwa ameketi karibu. Alijiona mshamba. Aliona kicheko cha mtu huyo kikisimuliwa shule hadi shule, pamoja na Rebeka.

"Hakuna jambo, bwana," alisema. "Safari njema."

Jethro alipoulizwa baadaye kwa nini hakumsaidia, alijitetea haraka. "Ningemwambia nini? Mtu wa pwani huyo! Nimwambie sisi huku tunaogopa mbao nne na godoro?"

Kesho yake ilikuwa Sabato. Habari zilikuwa zimemtangulia Kemuma kanisani. Bonareri, mama mkwe wake, alimsogezea nafasi kwenye benchi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mwanangu, umetuheshimisha," alimnong'oneza. "Wako wanawake wangemvunjia mzee heshima mbele ya serikali. Afadhali kuitwa mjinga kuliko kuitwa mkosa adabu."

"Lakini mama, mtoto alikuwa amejibu vizuri."

"Mtoto atasahau."

Wanawake wengine walimshika mkono mlangoni, wakamsifu. Kemuma alizipokea sifa zile kama mtu anayepewa nguo ya marehemu: haikatai, lakini ngozi inamsisimka. Jinsi walivyozidi kumsifu kwa heshima ndivyo alivyozidi kukumbuka kwamba pale kwenye gari haikuwa heshima. Ilikuwa woga wa kuchekwa.

Mogire alimwambia usiku huohuo, "Mwandikie barua yule inspekta. Karatasi haina mkwe." Kemuma alianza barua mara nne. Kila alipofika kwenye neno lenyewe, alijua kwamba barua itapitia kwa Jethro, na Jethro atamsomea mwenyekiti wa kamati. Akaichana.

Jumatatu alipanga kuwaambia watoto ukweli. Alipoingia walisimama wakamsalimu, akaona uso wa Bitutu, akaandika ubaoni hesabu za kugawanya. Jumanne vilevile. Kusema uongo kulichukua pumzi moja. Kuufuta kulimshinda muhula mzima.

Novemba ukaja mtihani. Swali la nne liliwataka watoto wapige mstari chini ya kila jina la kawaida: *The cat and the boy are under the bed.* Kemuma alisahihisha mezani kwake, mbele ya taa. Paka, mstari. Mvulana, mstari. Kitanda, kikavu, bila mstari. Karatasi ya pili, kikavu. Alizipitia zote thelathini na nane, akitumaini angalau mmoja amemwasi. Walikuwa wamemwamini wote. Ya Bitutu aliiacha mwisho. Bitutu alikuwa amepiga mstari chini ya neno, kisha akaufuta kwa kifutio mpaka karatasi ikatoboka.

Aliwapa wote alama, akauficha uso kwa mikono ingawa hakuna aliyekuwa akimwona.

Juma lililofuata Mzee Onsongo alitoka Ikonge na barua za shule, maana mwenyekiti ndiye aliyezichukua posta. Kemuma alikuwa anachuma chai karibu na njia. Mzee alisimama ng'ambo ya mstari wa michai, akaiweka bahasha moja juu ya majani, akageuka kuangalia mlima wa Manga.

"Mama Nyangate. Yako hiyo."

"Asante, tata," alisema Kemuma, akimwita baba kwa Ekegusii.

Alisubiri aondoke. Mzee hakuondoka.

"Yule msichana wa Obwocha," alisema hatimaye. "Alisema sawa."

Akaenda zake. Maneno sita, na ndiyo yaliyokuwa mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia kuhusu kazi yake. Kemuma alisimama na kikapu mgongoni, masikio yanawaka. Kumbe mzee alijua kwamba Kemuma anajua kwamba yeye mzee analielewa neno lile. Kumbe hata ule ua aliojifanya anaulinda, mwenye ua amekuja kuufungua mwenyewe ili mtoto apite, naye mwalimu amesimama mlangoni.

Barua ilisema nafasi zote mbili zimejazwa. Ilimshukuru kwa huduma yake. Chini, kwa wino, inspekta alikuwa ameongeza kwa mkono: ajifunze zaidi sura ya majina, kisha aombe tena.

Siku ya pili aliingia darasani kabla ya kengele, akawaacha watoto wamesimama.

"Mwezi wa tisa Bitutu alijibu sawa," alisema, kwa Ekegusii, ili asiwepo wa kusema hakuelewa. "Mimi nilisema uongo. Nilijua ni uongo nikiusema. Kitanda ni jina la kawaida, kama chungu, kama mlango. Kwenye mtihani mlikosa kwa sababu yangu."

Mwalimu kuomba radhi kwa darasa la nne lilikuwa jambo ambalo halikuwa na sheria yake. Hakuna aliyejua aketi au aendelee kusimama. Onchiri alianza kucheka, akaona hakuna mwenzake, akameza.

"Bitutu, nisamehe."

Mtoto alikuwa anavuta uzi wa sweta. "Ni mimi nilikosa, mwalimu."

"Hukukosa."

"Mama alinichapa. Alisema nimepeleka kitanda chao mbele ya wazee, nikamwaibisha mwalimu, na sasa atanyimwa chuo."

Kemuma alishika ukingo wa meza. Miezi miwili alikuwa amedhani aibu ile ni mzigo wake, anaubeba kwa siri kama mtu mzima. Kumbe kipande kizito zaidi kilikuwa mgongoni mwa mtoto wa miaka kumi, na mtoto hakuwa na mtu wa kumsifu kanisani.

"Nitakuja kwenu leo jioni," alisema. "Nitamwambia mama yako mwenyewe, na baba yako akiwepo. Sasa wote ketini. Bitutu, isome sentensi yako tena."

Bitutu alisimama. Kabla ya kufungua mdomo, aligeuka akaangalia benchi la nyuma. Lilikuwa tupu. Akaangalia dirishani pia, pande zote mbili. Ndipo akaisema, lakini kwa sauti ndogo, haraka haraka, kichwa chini, na alipofika kwenye neno lenyewe alilimeza nusu.

Kemuma hakumwambia arudie kwa sauti. Aliliandika neno ubaoni, kubwa, akabaki amewapa mgongo kwa muda mrefu kuliko neno la herufi tatu linavyohitaji.